Barafu haibagui, meza ya majaji ndiyo hubagua

Olimpiki ya majira ya baridi ikianza tu, simu zetu hujaa video za watu wenye nguo za kumetameta wakizunguka barafuni kama pia. Ukishuka kwenye komenti, hukosi Mkenya ameandika, "Huu nao ni mchezo?" Mwingine anamjibu, "Hayo ni mambo ya wazungu, sisi tuachieni riadha." Watu wanacheka kidogo, kisha kila mtu anaendelea na safari yake ya kuskroli.

Huenda wewe ni mmoja wao, na sikulaumu. Lakini wacha nikubishie kidogo. Mbio zina saa. Kandanda ina wavu. Kwenye huu mchezo wa kuteleza barafuni kwa madoido hakuna saa wala wavu. Kuna watu wameketi mezani, na wao ndio husema nani amefanya vizuri. Kama umewahi kupanda jukwaani kwenye tamasha za muziki au drama za shule, kisha ukasubiri mwamuzi asome alama huku moyo unadunda, basi unaujua mchezo huu hata kama barafu pekee uliyowahi kugusa ni ile ya kwenye friji.

Hoja yangu ni hii: barafu haijawahi kumkataa mtu. Waliokataa ni watu wa mezani. Na dawa ya mtu wa mezani ni wewe kujua kinachohesabiwa.

Ilianza kwa kuchora

Zamani watu hawakushindania kuruka, walishindania kuchora. Mtelezaji alitumia chuma cha kiatu chake kuchora maumbo kwenye barafu, duara na nane na mengine magumu zaidi, kisha majaji wakainama kukagua mistari kama mwalimu anayesahihisha daftari. Jina la Kiingereza la mchezo huu lilitokana na maumbo hayo. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 michoro ilibeba asilimia 60 ya alama zote, na haikuondolewa kabisa kwenye mashindano ya kimataifa hadi mwaka wa 1990.

Aliyeleta raha ni Mmarekani mmoja, Jackson Haines, mcheza dansi ya baleti. Miaka ya 1860 alianza kuteleza akicheza kwa muziki, mikono ikipepea, akichuchumaa kwa mguu mmoja na kuzunguka. Kwao wakamwona kituko. Akafunga virago akaenda Ulaya, na mji wa Vienna ukampokea kama staa. Alifariki Finland mwaka wa 1875, na Marekani ilikuja kuukubali mtindo wake baada ya yeye kufa. Huyo ndiye leo huitwa baba wa mchezo huu. Si ajabu, nabii hana heshima kwao.

Mwaka wa 1892 wakubwa wa Ulaya walianzisha shirikisho la kimataifa, ISU, huko Uholanzi. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yakafanyika St Petersburg, Urusi, mwaka wa 1896. Walioshiriki walikuwa wanaume wanne tu. Sheria haikusema wanawake wasiingie. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mwanamke angejaribu.

Mwaka wa 1902 Mwingereza Madge Syers akajaribu. Aliingia London kwenye mashindano ya dunia, peke yake kati ya wanaume, na akamaliza wa pili nyuma ya Ulrich Salchow wa Uswidi. Sasa sikia walivyojibu wakubwa: wakakutana na kupiga marufuku wanawake. Moja ya sababu walizotoa ni kwamba rinda refu linawazuia majaji kuona miguu. Ati tatizo ni rinda! Syers alikuwa amelipandisha rinda lake juu kidogo tayari. Mwaka wa 1906 wakalazimika kuanzisha mashindano ya wanawake, na aliyeshinda la kwanza na la pili ni yeye. Mchezo ulipoingia Olimpiki ya London mwaka wa 1908, dhahabu ya wanawake ikawa yake pia.

Unaona mtindo huo? Mtu anafanya kitu kizuri kuliko walivyotarajia, sheria inaandikwa haraka haraka ili asifanye tena, halafu baada ya muda sheria inajikunja yenyewe.

Sasa jifunze kuhesabu

Kabla ya kubishana na jaji, lazima ujue anatazama nini. Si ngumu, nipe dakika mbili.

Chini ya kiatu kuna chuma. Usidhani kimechongoka kama kisu. Katikati yake kuna mfereji mwembamba unaopita urefu wote, kwa hivyo kila chuma kina kingo mbili: ukingo wa ndani, upande wa mguu mwingine, na ukingo wa nje. Mbele kabisa kuna meno. Hivyo tu. Ukingo na meno. Kila kitu unachokiona kinatoka hapo.

Miruko mikuu ni sita. Mitatu huanza kwa kuchoma meno ya mguu wa pili kwenye barafu ili kujisukuma: tolupu, flipu na Lutz. Mitatu mingine haitumii meno hayo, mtu hujirusha kutoka kwenye ukingo wenyewe: Salchow, lupu na Axel. Yote sita hutua kwa namna moja: mtu anarudi nyuma, mguu mmoja, ukingo wa nje, mguu wa pili umenyooshwa nyuma. Ukiona ametua miguu miwili au mkono umegusa barafu, hapo alama zimeanguka.

Rahisi kutambua ni Axel. Ndio mruko pekee ambao mtu anaanza akitazama mbele. Kwa vile anaanza mbele na kutua kinyumenyume, lazima aongeze nusu mzunguko. Ukisikia mtangazaji anasema Axel ya mara tatu, jua ni mizunguko mitatu na nusu hewani, na yote inakwisha kabla sekunde moja haijaisha. Mruko huu una jina la Axel Paulsen wa Norway, aliyeuonyesha Vienna mwaka wa 1882.

Salchow ni yule yule aliyemshinda Madge Syers. Alikuwa bingwa wa dunia mara 10, na mruko wake ni wa mwaka wa 1909. Lutz una jina la Alois Lutz, kijana wa Austria, na ulionekana mwaka wa 1913. Huu ndio wa kutazama kwa makini. Mtelezaji anakuja akikata kona upande mmoja kwa ukingo wa nje, halafu anaruka na kuzunguka upande wa pili. Ni kama boda boda inakata kona kushoto, kisha ghafla mwendeshaji anajizungusha kulia. Mwili unakataa. Kwa hivyo wengi huiba: sekunde ya mwisho wanalaza mguu hadi ukingo wa ndani, na mruko ambao ulipaswa kuwa Lutz unageuka kuwa flipu. Macho ya kawaida hayaoni. Majaji wakirudia video polepole wanaona, na wanakata.

Kisha kuna mizunguko ya papo hapo. Kuna ya wima, ya kuchuchumaa aliyoacha Haines, na ya ngamia, ambapo mwili na mguu wa nyuma vimelala sambamba na barafu. Ukiona mtu amekunja mikono kifuani na kasi ikapanda hadi uso hauonekani, si uchawi. Uzito ukikaribia katikati, mzunguko unakuwa wa kasi zaidi. Mwisho kuna hatua za miguu, zile za kuvuka uwanja wote huku akibadilisha kingo na kugeuka mbele na nyuma. Watu huzipuuza kwa sababu hazina kishindo, lakini hapo ndipo unapomjua fundi.

Miruko imekuwa ikiongezeka kama bei ya unga. Mwaka wa 1948 Dick Button wa Marekani alitua Axel ya mara mbili na dunia ikashangaa. Mwaka wa 1988 Kurt Browning wa Kanada akatua mruko wa mara nne kwenye mashindano ya dunia huko Budapest. Mwaka huo huo Midori Ito wa Japani akawa mwanamke wa kwanza kutua Axel ya mara tatu kwenye mashindano. Na Septemba 2022, Ilia Malinin, Mmarekani wa miaka 17, akatua Axel ya mara nne, mizunguko minne na nusu, kitu ambacho watu walikuwa wakisema mwili wa binadamu hauwezi.

Waliofungiwa mlango

Sasa turudi mezani. Mabel Fairbanks alikuwa binti Mweusi aliyekulia New York miaka ya 1930. Alipotaka kuingia uwanja wa barafu, walimrudisha mlangoni kwa sababu ya rangi yake. Alijifunza hivyo hivyo, akawa hodari, lakini mashindano rasmi hakuruhusiwa kamwe. Alihamia Los Angeles akawa kocha, akawafundisha watoto ambao viwanja vingine havikuwataka. Yeye ndiye aliyewaunganisha Tai Babilonia na Randy Gardner wakiwa watoto, na mwaka wa 1979 wawili hao walikuwa mabingwa wa dunia. Jina la Fairbanks liliingizwa kwenye orodha ya magwiji wa mchezo huo Marekani mwaka wa 1997. Ujana wake wote wa kushindana ulikuwa umepita zamani sana.

Mwaka wa 1986 Debi Thomas, Mmarekani Mweusi aliyekuwa akisoma chuo kikuu cha Stanford, alishinda ubingwa wa dunia. Miaka miwili baadaye huko Calgary alichukua shaba, akawa mwanamichezo wa kwanza Mweusi kupata medali kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Wa kwanza kabisa, katika michezo yote ya baridi. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1988, si enzi za babu zetu.

Halafu akaja Surya Bonaly. Kama kuna jina moja nataka uondoke nalo, ni hili. Mfaransa, Mweusi, mwenye asili ya sarakasi za uwanjani, misuli kama chuma. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, kuanzia 1991 hadi 1995. Lakini duniani alikwama nambari mbili mara tatu: 1993, 1994, 1995. Ile ya 1994 huko Chiba, Japani, majaji watano walimpa Yuka Sato, wanne wakampa yeye. Kwenye utoaji wa zawadi Bonaly alikataa kwanza kupanda jukwaa. Alipovalishwa medali ya fedha, akaivua.

Wakati huo alama ya juu ilikuwa 6.0, na kila jaji alitoa alama mbili: moja ya ufundi, moja ya uwasilishaji. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa kichaka cha kujificha. Jaji hakuhitaji kukuonyesha ni wapi hasa ulipokosea. Waliomtetea Bonaly walisema anaadhibiwa kwa mwili wake, kwamba meza ilikuwa na picha ya binti mwembamba wa kwenye sanduku la muziki na yeye hakufanana nayo. Waliompinga walisema miruko yake haikukamilika vizuri na kuteleza kwake kulikuwa kwa nguvu badala ya ulaini. Na kusema kweli, hoja ya pili si uongo mtupu. Ukitazama video zake ukijua mambo ya kingo niliyokueleza, utaona anapopoteza. Shida yangu ni hii: kwa mfumo ule, hakuna aliyeweza kutenganisha kosa la mguu na kosa la kutofanana. Yote yaliingia kwenye namba moja, na namba haikuwa na maelezo.

Nagano, Japani, 1998. Bonaly ameumia, ameshajua medali imeenda. Katikati ya programu yake akageuka, akarusha miguu juu, akapiga samasoti ya kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja. Samasoti ilikuwa imepigwa marufuku tangu Mmarekani Terry Kubicka alipoifanya kwenye Olimpiki ya 1976. Majaji wakakata alama, akamaliza wa kumi. Watu uwanjani wakashangilia. Alipomaliza aliinama kuwashukuru mashabiki, akiwapa majaji mgongo.

Michezo hiyo hiyo ya Nagano ndiyo ilikuwa na Philip Boit wetu, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, kwenye mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji. Alimaliza wa mwisho, wa 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mwishoni kumkumbatia. Hadithi ya Boit tunaisimulia kwa tabasamu. Saa ilimwambia ukweli na hakuwa na la kubisha. Bonaly hakuwahi kupata bahati ya saa.

Meza ilipoanguka

Kilichovunja mfumo wa 6.0 hakikuwa machozi ya Bonaly. Ilikuwa aibu ya wazungu kwa wazungu. Salt Lake City, 2002, dhahabu ya wawili wawili ilienda kwa Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze, huku Wakanada Jamie Salé na David Pelletier wakiachwa na fedha. Jaji wa Ufaransa, Marie-Reine Le Gougne, akasema alishinikizwa namna ya kupiga kura, kisha akageuza maneno. Ikawa noma dunia nzima. Wakanada wakapewa dhahabu ya pili, jaji akafungiwa, na mwaka wa 2004 mfumo mpya ukapitishwa.

Siku hizi kila mruko una bei yake iliyoandikwa. Majaji huongeza au kupunguza kwa kipimo cha kutoka -5 hadi +5 kulingana na ubora. Ukianguka unakatwa. Ukiruka nusu ya pili ya programu, ukiwa umechoka, baadhi ya miruko inapata nyongeza ya asilimia 10. Baada ya shindano karatasi zinawekwa wazi: kila mruko, kila jaji, kila alama. Unaweza kuketi na simu yako hapo Umoja au Kisauni ukakagua.

Kuna wanaolalamika kwamba hesabu imeua sanaa, na kwamba watelezaji wamekuwa wahasibu wanaokusanya pointi. Wana haki kwa sehemu. Na hesabu ina ubaya mwingine mkubwa kuliko huo: ukiweka bei kubwa kwenye mruko wa mara nne, mtu atatafuta mwili mwepesi wa kuuruka, na mwili mwepesi zaidi ni wa mtoto. Beijing 2022, Kamila Valieva wa Urusi, miaka 15, alitua miruko ya mara nne, ikagunduliwa sampuli yake ya Desemba ina dawa iliyokatazwa, akaachwa aendelee kushindana na kamera zote zikimtazama, akaanguka mara kadhaa na kumaliza wa nne huku akilia. Watu wazima waliomzunguka ndio walipaswa kulia. Mwaka huo ISU ikaamua kupandisha umri wa chini wa mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, kwa awamu.

Kwa hivyo sisemi namba ni malaika. Nasema namba iliyo wazi unaweza kuipinga. Ile ya 2022 iliweza kusahihishwa kwa sababu kila mtu aliona mahali tatizo lilipo: bei hii, umri huu. Kichaka cha "uwasilishaji" cha miaka ya 1990 kingepingwa vipi? Ungesema nini, kwamba jaji hakupenda sura yako?

Na ile samasoti? Januari 2024 Mfaransa Adam Siao Him Fa, ambaye wazazi wake walitoka Mauritius, aliipiga kwenye mashindano ya Ulaya akijua atakatwa pointi mbili. Akakatwa, na bado akashinda. Miezi michache baadaye ISU ikaondoa marufuku. Leo Malinin anaipiga na uwanja unalipuka. Bonaly aliifanya miaka 26 kabla ya ruhusa, kwa mguu mmoja.

Sasa, kwa nini haya yakuhusu wewe wa Nairobi, Nakuru au Mombasa? Si kwa sababu kesho utakuwa bingwa wa barafu. Viwanja vyenyewe ni shida, ingawa pale Panari, Barabara ya Mombasa, timu yetu ya magongo ya barafu, Ice Lions, ilijifunza kwenye uwanja mdogo uliofunguliwa mwaka wa 2005 na leo wanajulikana nje. Yakuhusu kwa sababu maisha yetu yamejaa meza za majaji. Usaili wa kazi ambako unaambiwa "tutakupigia." Shindano la vipaji ambako mshindi anajulikana kabla hujapanda. Ufadhili ambao barua yake inasema tu kwamba hukufaulu. Zote zinatumia ule mfumo wa zamani: namba moja, maelezo hakuna, kichaka kikubwa.

Usidai wakupende. Dai karatasi. Uliza ni nini kilikuwa kinapimwa, kila kipengele kilikuwa na alama ngapi, wewe ulipata ngapi na wapi ulikatwa. Ukikuta kweli mguu wako ulilala kwenye ukingo wa ndani, rudi mazoezini bila kinyongo. Ukikuta hakuna karatasi, basi hapo umejua shida si mguu wako, na una haki ya kusema kwa sauti.

Na video ya barafu ikipita tena kwenye simu yako, usikimbilie komenti. Angalia kwanza: ameanza akitazama mbele au nyuma? Ametumia meno au ukingo? Amezunguka mara ngapi? Ametua mguu gani? Ukishajibu hayo manne, andika maoni yako. Nitayasoma.